Miguu Chini ya Migomba

Mwanangu Yuliana,

Utashangaa kukuta kata yako ya kichwani imenenepa. Nimeifungua, nimekunja karatasi hizi ndani yake, kisha nimeifunga tena kwa kile kipande cha kanga ya mama yako. Nimefanya kusudi. Najua kesho alfajiri kitu cha kwanza utakachotafuta ni kata, ili ujitwike mzigo kabla watu hawajaamka vizuri wakakuzuia. Basi kaa chini kwanza usome. Mzigo hautakimbia.

Maagizo ya safari sina. Hayo ni haki ya mjomba wako, na ninavyomjua hatakubakizia hata moja: usizungumze na usiowajua ndani ya gari la moshi, usiache sala ya jioni, usiazime chungu kwa jirani kabla hujakaa mwezi, na mengine ambayo utakuwa umeyasahau kabla hujafika mtoni. Sisi akina baba wa Kiluguru tunazaa watoto wa ukoo wa mama zao. Siku ya kuagana wajomba husimama mbele, nasi tunashika vikapu nyuma. Silalamiki hata kidogo. Kukaa nyuma kumenipa nafasi ya kukueleza jambo ambalo mjomba wako hawezi kukueleza kwa sababu halijui, nalo ni habari ya mgongo wangu.

Naandika nimekaa mlangoni, jua bado liko juu ya kilima cha ng'ambo. Wanawake wote wako kwa bibi yako wanatwanga unga wa safari, na vicheko vyao vinafika mpaka hapa. Karatasi na wino nimeomba misheni. Mahali pengine utaona mwandiko umebadilika. Ujue hapo niliinuka nikazunguka nyumba mara mbili. Mgongo huu ukiwekwa kwenye kigoda muda mrefu huanza kunung'unika, na siku hizi ukinung'unika naujibu.

Juzi nilikusikia ukisema na mama yako. Sikutega sikio. Ukuta wetu ni wa udongo na wewe hujajaliwa sauti ndogo. Ulisema, "Mama, mkwe na mawifi watakuwa Mlali wananingoja. Wakiniona nashuka mlima mikono mitupu, tena na fimbo, watasema Filipo kaletewa kilema. Nitabeba mwenyewe. Hata kifundo kikiuma, sitasema."

Mimi nilicheka kidogo, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu sauti ilikuwa yako lakini maneno yalikuwa yangu. Niliwahi kuyasema kimoyomoyo kabla hujazaliwa, na mpaka leo nikiamka asubuhi nayakumbuka kwa kiuno. Bibi yako amekwisha kukwambia kwamba kifundo chako cha mguu kinaweza kukufikisha Mlali, na kesho kutwa Morogoro mjini penye gari la moshi, na kwa mumeo Filipo, Kilosa. Lakini kubeba mzigo kichwani huku unashuka mteremko huu, bado. Mpaka mwezi mwingine uandame, ndivyo alivyosema. Wewe ukaitikia "Ndiyo, bibi," ukaenda kwa mama yako ukapanga mengine. Hicho ndicho kinachonifanya niandike badala ya kwenda kunywa togwa na wenzangu.

Sasa nisikilize. Tangu utoto umesikia kwamba mgongo wa baba yako uliharibiwa na mzigo wa Mdachi. Umewaambia hata wenzako wa misheni, nikakusikia, nikanyamaza. Ni kweli nilibeba mzigo wa Mdachi, mara moja, kutoka Mikese mpaka Kisaki, sanduku la vyombo vya kupikia vilivyolia njia nzima. Nilirudi mzima. Nyayo ziliota malengelenge, basi, hata wiki haikupita nikawa nacheza ngoma. Watu walipokuja kuniona nimepinda mgongo baadaye, waliunganisha wenyewe mambo mawili, na mimi nikawaachia. Ilikuwa hadithi ya heshima. Mwanamume aliyevunjwa na mzigo wa Serikali anahurumiwa kila mahali.

Mgongo wangu uliharibika kwenye njia ya shamba la bibi yako, mchana kweupe, bila Mdachi hata mmoja karibu.

Nilikuwa nimemposa mama yako, na kama desturi yetu ilivyo, nilikuwa nawafanyia kazi wakwe. Nililima, nilikata miti, niliezeka ghala. Nilikuwa na nguvu na nilipenda zionekane. Bibi yako, mkwe wangu, alihitaji jiwe jipya la kusagia. Nililipata zuri kule mtoni, pana, limelainishwa na maji. Wenzangu wawili wakasema, ngoja kesho, tutalifunga kwenye mti tulibebe pamoja. Mimi nikaona kesho ni mbali. Nilitaka mkwe alikute mlangoni pake jioni ileile, aulize nani kalileta, aambiwe ni fulani, peke yake. Nikachuchumaa, nikalipandisha begani, nikaanza kupanda.

Unaijua ile kona ya njia chini ya migomba ya bibi yako, pale ambapo watu wawili hawapishani. Nilipofika pale nikasikia sauti yake inakuja kutoka juu. Unajua vizuri mkwe wa kiume anavyotakiwa kufanya akikutana na mama mkwe: haangaliani naye, hampi mkono, hapiti karibu naye. Anatoka njiani, anajificha, mama wa watu apite kwa heshima yake. Mtu mwenye akili angetua jiwe kwanza, halafu ndipo atoke njiani. Wapo waliofanya hivyo na hakuna aliyewacheka. Mimi nikawaza, nikilitua atalikuta njiani, atajua limenishinda. Basi nikajipinda na jiwe langu begani, nikaruka kuingia migombani, mguu mmoja juu, mmoja bondeni.

Kiunoni kitu kikasema "tu!", kama kamba ya mzigo inapokatika.

Sikupiga kelele. Nilisimama nyuma ya majani ya migomba, jiwe begani, machozi yananitoka, nikingoja apite. Na bibi yako hakupita. Alisimama palepale kwenye kona na jirani yake, wakaanza mazungumzo ya kuku. Kuku wa nani anataga kwa nani. Kwamba kuku mwekundu ana tabia mbaya. Kwamba mayai matatu si mayai manne. Nilimlaani kimoyomoyo, Mungu anisamehe, nikaomba kuku wote wa kilima hiki wafe usiku uleule. Hatimaye wakaondoka. Namna nilivyolifikisha lile jiwe mlangoni sijui mpaka leo, lakini nililifikisha. Bado lipo, unga wa safari yako umesagwa juu yake.

(Hapa niliinuka kidogo. Kuku wa bibi yako, wajukuu wa yule mwekundu, wako kwenye maharage yetu.)

Kesho yake sikuweza kuinama kunawa uso. Hapo ningeweza kusema, na habari ingeishia hapo. Lakini nilikuwa mchumba. Mchumba anayeshika kiuno anachekwa, na shangazi za mwali wana midomo. Nikasema ni uchovu tu, nikashika jembe. Uchovu nilikuwa naujua. Kila mtu anayelima milima hii anaujua: kesho yake nyama za mapaja na mgongo zinakuwa nzito, zinauma ukizigusa, kesho kutwa zinazidi, halafu ukizitembeza zinapata joto na kulainika, na siku ya nne umesahau. Maumivu yale si adui. Ni mwili unajenga. Lakini haya ya kwangu yalikuwa mengine. Yalikuwa yanachoma kutoka kiunoni, yanapita nyuma ya paja mpaka kidole kidogo cha mguu, na kidole chenyewe kilikuwa kinakufa ganzi. Yalizidi nilipoinama, na usiku yaliniamsha. Mwili ulikuwa unanieleza waziwazi na mimi nikawa najifanya sisikii. Nililima wiki mbili hivyo. Siku moja niliinama kuokota jembe, nikabaki palepale kwenye mtaro, na watu wakaja kunichukua kwa kitanda.

Hilo ni kosa la kwanza. Kosa la pili lilikuwa tamu zaidi, kwa hiyo lilikaa muda mrefu zaidi. Waliniambia nilale. Mgongo, walisema, unataka kulala mpaka upone. Nami kwa kuwa nilikuwa nimechoka kujikaza, nikaona vema, nikalala. Mama yako tulikuwa tumekwisha kuoana kwa haraka haraka, maana padri alisema mgonjwa anahitaji mke kuliko mwenye afya. Nililala masika yote, mwanangu. Mvua ilianza nikiwa chali, ikaisha nikiwa chali. Siku za mwanzo kulala kulisaidia kweli. Baada ya hapo miguu ikaanza kukonda. Nikaanza kuogopa kugeuka. Nikawa nasikia maumivu hata kabla sijajisogeza, yaani woga wenyewe ulikuwa unauma. Mama yako alinilisha kama mtoto na mimi nikazoea, na hiyo ndiyo aibu yangu kubwa kuliko jiwe.

Sasa fikiria jambo hili. Mtu aliyejua kukanda migongo na viungo kuliko wote, mtu ambaye walimletea wagonjwa kutoka ng'ambo ya bonde, alikuwa nyumba ya pili kutoka kwangu. Na katika kilima kizima yeye peke yake ndiye asiyeruhusiwa kuingia alipolala mume wa binti yake, sembuse kumgusa. Alikuwa ananitibu kwa kunyamaza, na mimi nilikuwa namheshimu kwa kuoza.

Siku moja mvua imekatika, nikasikia kigoda kinawekwa nje, upande wa pili wa ukuta, karibu kabisa na kichwa changu. Halafu sauti ya bibi yako, kubwa, kana kwamba mama yako yuko ng'ambo ya mto.

"Mwanangu, huyo mtu wako bado amelala?"

"Bado, mama."

"Anangoja nini?"

"Mgongo upone."

"Mgongo utaponaje naye kaulalia? Mwambie ageukie ubavu."

Mama yako alikuwa ameketi kando yangu. Nilikuwa nimesikia kila neno. Lakini adabu ni adabu, akaniambia, "Mama anasema ugeukie ubavu."

"Mwambie inauma," nikasema.

"Mama, anasema inauma."

"Inauma vipi? Inachoma au inavuta?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Wote walikuwa wameniuliza kama inauma, na jibu la hilo ni ndiyo, na ukishajibu ndiyo unarudi kulala. Nikageuka polepole, nikasikiliza. Nikasema, "Mwambie inavuta."

"Basi aendelee taratibu. Ateremshe miguu kwanza, ajisukume kwa mkono, asiinuke moja kwa moja kama gogo. Ikianza kuchoma arudi nyuma kidogo. Nyuma kidogo, nimesema, sijasema kitandani!"

Hivyo ndivyo nilivyotibiwa, Yuliana, kwa ukuta wa udongo. Kila siku alikuja na kigoda chake. Mama yako alichovya kitambaa katika maji ya moto, akanipaka mafuta ya nyonyo, akanikanda, na sauti ikatoka nje: shuka chini kidogo, usibonyeze mfupa, kanda nyama za pembeni, mwambie apumue, mbona simsikii akipumua? Siku ya kwanza nilifika mlangoni. Baada ya siku tatu nilifika kwenye kinu. Wiki iliyofuata nilifika kwenye rundo la kuni. Bibi yako alikuwa ameweka vituo na hakuniruhusu kuruka hata kimoja. Siku moja niliamka najisikia vizuri mno, nikaenda mpaka mtoni kwa ubishi, nikalipia kwa kulala siku mbili. Nilidhani atagomba. Nilisikia anacheka kule nje mpaka akakohoa, akasema, "Mwambie kesho anaanza upya kwenye kinu." Wala sikuudhika. Nilikuwa nimeanza kuipenda ile sauti.

Siku niliyofika kwenye ile kona ya migomba nilirudi nikiwa na furaha, nikamwambia mama yako aseme nimefika. Akasema. Nje kigoda kikasogezwa ukutani. Halafu bibi yako akasema, safari hii si kwa sauti kubwa:

"Mwambie siku ile nilimwona. Niliona miguu yake chini ya majani ya migomba, inatetemeka. Nikajua ameumia. Mimi siwezi kumwita, siwezi kumfuata huko alikojificha. Nikasimama na mwenzangu, nikatafuta maneno ya kuku, ili nimpe nafasi apige kelele. Angepiga hata kidogo tu, ningeita vijana wamchukue, na siku ileile ningeanza kumfanyia dawa kwa mkono wa binti yangu. Nikangoja, nikangoja. Hakupiga. Maneno ya kuku yakaniishia, nikaondoka."

Mama yako hakunirudia maneno yale. Alijua nimeyasikia. Mwanangu, nililia, na sikuficha. Nilikuwa nimeogopa mdomo wa mkwe, kumbe mkwe alikuwa amesimama juani anangoja mdomo wangu.

(Nimezunguka nyumba tena. Ukungu umeanza kushuka, wanawake wamemaliza kutwanga, sasa wanaimba.)

Usidhani naandika haya kwa majuto. Nimeishi vizuri. Sikuweza tena kubeba mizigo mizito, kwa hiyo nilikwenda misheni kukaa na watoto waliokuwa wanafundishwa herufi, na kwa sababu kukaa kuliniuma, nilijifunza nimesimama nyuma yao wote, mtu mzima na ndevu zake. Watoto walinicheka wiki moja wakazoea. Ndiyo maana baba yako anaweza kukuandikia leo, na ndiyo maana ulipopelekwa kusoma hakuna aliyenishinda kwa maneno, hata mjomba wako. Ninalima, polepole. Ninabadilisha mkono wa jembe, ninasimama kabla mgongo haujaniambia, na jioni natembea. Asubuhi mgongo ni mgumu, nikiutembeza unakubali. Mimi na mgongo wangu tumekuwa majirani wema. Namshukuru Mungu.

Ila ningependa wewe usipite njia ile ili ufike hapa.

Nilikuwapo walipokuleta na kifundo kimevimba, siku ulipoteleza kwenye mawe ukiwa na kikapu cha viazi vya kupeleka Morogoro. Hukulia njia nzima, walisema, wakakusifu. Mimi sikukusifu, unakumbuka ulininunia. Bibi yako alikufunga kwa kitambaa, akakuinulia mguu juu ya gunia, akakupa siku chache za kukaa, na baada ya hapo hakukuacha ukae kama mimi. Alisema uzungushe mguu taratibu, na wewe, kwa kuchoka kuzungusha, ukaanza kuandika herufi kwa kidole gumba juu ya majivu. Nilipita nikakuta sakafu nzima ina A mpaka Z zilizopinda. Bibi yako asiyejua hata moja akazitazama akasema, "Hii ya mwisho umeivivia, irudie." Halafu ikaja kusimama kwa mguu mmoja, ule mbovu, huku unachambua maharage. Ulikuwa unayumba, unashika ukuta, unacheka. Siku uliyochambua ungo mzima bila kushika ukuta ulinikimbilia shambani kunieleza, na ulikuja unakimbia, hata hukujua kwamba unakimbia. Sijapata kufurahi hivyo tangu ubatizwe.

Kwa hiyo mguu wako si mbovu. Uko njiani. Umefika kwenye rundo la kuni, na wewe unataka kuuruka mpaka mtoni, na mteremko wenyewe unaujua. Watu hudhani kupanda ndiko kunakoumiza. Kupanda kunatoa pumzi tu. Kushuka ndiko mapaja na vifundo vinakofanya kazi ya kuzuia, kila hatua, na ukiongeza chungu na jembe kichwani, mguu ukikosea mara moja hauna pa kujirudi. Ukiteguka tena mahali palepale hutaingia Mlali kwa mwendo wa bibi harusi, utaingia mgongoni kwa mtu. Mawifi watapata la kusema mwaka mzima.

Na hata ukishuka salama, siku ya pili mapaja yatakuuma sana, usiogope. Hayo ni yale ya kuvuta. Ukiwa ndani ya gari la moshi, nasikia watu hukaa tu kutwa. Wewe inuka, nyoosha miguu, simama dirishani, wakikushangaa waambie baba yako alisoma amesimama.

Kitu kimoja nimewaonea wivu wanawake maisha yangu yote. Nyinyi hamuoni haya kutwikwa. Mwanamke akijaza mtungi husimama pale mtoni akaita, "Njoo unitwike," na hata adui yake atakuja kumshika mtungi. Sisi wanaume tunajipandishia peke yetu, tunapinda peke yetu. Ndiyo maana niliposikia kwamba mwanangu wa kike anataka kujitwika alfajiri, kwa siri, niliona nimekurithisha kitu ambacho hata si cha jinsia yako.

Na Filipo, maskini, ni mwanamume kama mimi. Ameniambia mwenyewe kwamba kule kwenye reli huinua vyuma watu wengi kwa pamoja, mmoja anaimba, wote wanainua, hilo nimelipenda. Lakini siku moja atarudi nyumbani ameshika kiuno, atasema ni uchovu. Usimuulize kama inauma. Muulize inachoma au inavuta. Akikaa kimya sana, angalia miguu yake.

Sasa mzigo wako. Jioni hii nimeufungua na kuugawa. Chungu atabeba mama yako, jembe na mbegu za maharage atabeba mama yako mdogo, wote wanakwenda Mlali. Kwako limebaki furushi dogo la nguo, mkononi. Bibi yako anajua, nilimpelekea habari kupitia ukuta kama kawaida, akajibu kwa sauti ya kusikika Mgeta nzima, "Mwambie ndiyo mara yake ya kwanza kufanya jambo la maana bila kuambiwa."

Nami nakwenda. Nimesikia mkisema baba hataweza mteremko, kwamba ataagana nasi uwanjani. Ni kweli miaka mingi sijashuka Mlali. Si kwamba siwezi. Ni kwamba siwezi bila fimbo, na sikutaka bibi yako, akiwa amesimama pale uwanjani pake, anione naondoka nimeegemea mti. Hayo yote niliyokueleza nimeyajua miaka yote hii, na bado nilikuwa najificha migombani.

Kwa hiyo leo mchana nimekata fimbo mbili za mpera, nimezimenya na kuzilainisha, ziko zimeegemea mlango upande wa nje. Fupi ni yako, ndefu ni yangu. Kesho tutapita mbele ya bibi yako, mbele ya mjomba na maagizo yake, tutashuka mpaka kwa mawifi zako, wewe na fimbo yako, mimi na yangu. Wakiuliza, waambie ni kwa sababu ya baba, mzee, hawezi kutembea na fimbo peke yake akaona raha. Ukiiacha yako mlangoni, nitaiacha na yangu, nami najua hutataka kunibeba.

Ukichoka njiani, sema. Na usiogope kuwa wa kwanza. Ile kona ya migomba ni mteremko mkali, kiuno changu hakijawahi kuipenda, na nitakapofika pale nitapiga kelele kwa sauti, hata mkwe wangu asikie.

Baba yako,
Lukasi